Kuzima na kuributi kompyuta kwa kuandika amri, bila kuja kujuta

Kuna watu wanaona kuzima kompyuta kwa kuandika amri ni mbwembwe tu, kitufe si kipo pale, bonyeza yaishe. Sawa, ila siku kishale cha mausi kimeganda, au skrini imekufa nusu, au mashine yenyewe iko jengo lingine kabisa na unaifikia kwa mtandao tu, hapo kitufe hakikusaidii kitu. Na hata ikiwa mbele yako, amri inakupa vitu ambavyo kitufe hakina, kama kuzima baada ya saa moja, kuzima kazi fulani ikiisha, kuwatumia ujumbe wenzako walio ndani ya mashine kwanza, na kikubwa kuliko vyote, kughairi.

Na hiyo ya kughairi ndo naanza nayo, maana wengi hujifunza kuzima kwanza alafu ya kughairi wanakuja kuitafuta wakati sekunde zinakatika. Kwaio kabla ya yote zikae kichwani hizi mbili. Windows:

shutdown /a

Linux:

sudo shutdown -c

Hiyo sudo inaipa amri nguvu za msimamizi. Mac haina ya moja kwa moja, ina njia yake ya kuzunguka, ntaieleza nikifika huko. Sasa zote hizi zinafanya kazi kama kuna muda umebaki. Ukiwa umeandika now au sifuri hakuna cha kughairi, mshale umeshatoka kwenye upinde. Mi mwenyewe siku hizi nikiandika now ujue nimeshaangalia mara mbili, na sababu ninayo.

Kulikuwa usiku, nina madirisha mawili meusi kwenye laptop, moja la laptop yenyewe na jingine nimeingia kwenye seva (kompyuta ya mbali inayohudumia wengine) kwa ssh, njia ya kuendesha mashine nyingine kwa mtandao. Nimechoka nataka kulala, nikaandika sudo shutdown -h now, nikaweka paswedi, nikapiga Enter, nikaanza kukunja chaja. Laptop haizimi. Feni inavuma kama kawaida, skrini inawaka, nikasema hii nayo imeanza lini ukaidi. Nikainama kusoma mstari wa mwisho kwenye dirisha: Connection closed by remote host. Usingizi wote ukaisha hapo hapo. Seva iko mbali, imezimwa kabisa, na kilichozimwa kabisa hakisikii ssh, kinasikia kidole cha mtu tu. Kulikucha ndo akapatikana mtu wa kwenda kubonyeza batani. Kama ningeandika +1 badala ya now ningekuwa na dakika nzima ya kushtuka na kughairi.

Hatua ya kwanza: jua umekaa kwenye mashine gani

Andika hivi, ni neno moja na linafanya kazi Windows, Linux na Mac:

hostname

Linakurudishia jina la mashine. Kama jina silo ulilotegemea, toa mikono kwenye kibodi kwanza. Pia kuna whoami, hiyo inakwambia umeingia kama nani. Kwenye Linux mara nyingi jina la mashine lipo hapo hapo mwanzo wa mstari kabla ya alama ya dola, tatizo ni kwamba jicho likishazoea halilioni tena. Ninachofanya mimi ni kubadilisha rangi, madirisha ya seva yote nimeyapaka wekundu, ya laptop yamebaki meusi, ni ujanja wa kitoto ila umeniokoa kuliko akili.

Ukiwa Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kuna kifurushi kinaitwa molly-guard, ukikisakinisha kwenye seva basi kila ukijaribu kuizima kupitia ssh kinakuuliza kwanza uandike jina la mashine unayotaka kuzima. Ukikosea jina, haizimwi. Kwa seva yoyote ambayo huwezi kuifikia kwa miguu, weka hicho kitu leo.

Hatua ya pili: angalia nani yumo na nini kinaendelea

Linux na Mac andika w au who, utaona walioingia. Windows ni query user, ila kwenye toleo la Home hiyo amri haimo, na kwa kawaida mashine ya Home unakuwa upo peke yako hata hivyo. Ukikuta kuna mwenzako ndani usimzimie tu, utajibu kesho.

Alafu hakikisha hakuna apdeti inayoendelea nyuma. Kuributi katikati ya kusakinisha vifurushi ndo chanzo cha mashine nyingi kuamka zimechanganyikiwa. Na kama una kazi ndefu umeiacha ndani ya tmux au screen, zile programu zinazoshikilia kazi zako za terminali, kumbuka hizo zinakulinda mtandao ukikatika tu, mashine ikiributi nazo zinakufa.

Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter. Dirisha jeusi likifunguka, kuzima ni:

shutdown /s /t 60

Kuributi ni:

shutdown /r /t 60

Hiyo /s ni kuzima, /r ni kuributi, /t ni muda. Unaweza kutumia kistari badala ya mkwaju, yaani shutdown -s -t 60, yote inaelewa. Usipoandika muda wowote inakupa sekunde 30. Mwisho wake ni sekunde 315360000 ambazo ni miaka 10, sijui nani alikaa akawaza kuna mtu atataka kuzima kompyuta miaka kumi ijayo lakini nafasi ipo.

Hapa sikiliza vizuri kidogo. Ukiweka muda wowote unaozidi sifuri, Windows inachukulia umeweka na /f hata kama hujaiandika, na /f maana yake ni funga programu zote kwa nguvu bila kuuliza. Kwaio ile barua uliyokuwa unaandika hujaisevu, muda ukifika inaondoka, hakuna dirisha la kukuuliza unataka kusevu au la. Kinyume chake, shutdown /s /t 0 bila /f inaheshimu programu zenye kazi ambayo haijasevuwa, itasimama ikwambie programu fulani inazuia kuzima. Yaani ile inayoonekana ya haraka ndo yenye huruma, na ile inayoonekana ya pole pole ndo katili. Sevu kazi zako kwanza, alafu weka muda.

Ukitaka watu waone sababu, ongeza /c na maneno ndani ya alama za kunukuu, mwisho herufi 512:

shutdown /r /t 300 /c "Naributi baada ya dakika tano, sevuni kazi zenu"

Ukishapanga muda alafu ukajaribu kupanga mwingine juu yake inakataa, inakupa namba 1190 kwamba tayari kuna kuzima kumepangwa. Ghairi kwa /a kwanza ndo upange upya. Na ukighairi wakati hakuna kilichopangwa inakupa 1116, hiyo isikutishe.

Nyingine za haraka haraka: shutdown /l inakutoa kwenye akaunti yako tu, shutdown /h inalaza mashine na kuandika kila kitu kwenye diski ili uendelee ulipoishia, shutdown /r /o inakupeleka kwenye ile skrini ya bluu ya matengenezo, na shutdown /r /fw inakuingiza moja kwa moja kwenye mipangilio ya UEFI, ile wengi bado wanaiita BIOS, bila kushindana na F2 na Del wakati inawaka, hiyo ya mwisho lazima ufungue cmd kama admini. Ukiwa kwenye PowerShell unaweza kutumia Stop-Computer na Restart-Computer, ila hizo hazina subira, ukipiga Enter ndo imetoka.

Sasa kuna kitu kinawasumbua watu sana, mtu anakwambia nimezima kompyuta nikawasha na tatizo liko pale pale. Na ni kweli anavyosema. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down kwenye menyu haizimi mazima, inakutoa wewe kwenye akaunti alafu ile sehemu ya ndani ya mfumo, keneli na madereva (programu zinazoendesha vifaa), inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake fasta, wenyewe wanaita Fast Startup. Kwaio dereva lililokuwa limechanganyikiwa jana linaamka leo na kuchanganyikiwa kwake vilevile. Kuributi hakuna huo mchezo, kunaanza upya kabisa. Na raha ya amri ni kwamba shutdown /s yenyewe, bila kuongeza /hybrid, inazima kikweli. Ukitaka ushahidi andika systeminfo utafute mstari wa System Boot Time, utakuta kompyuta unayoizima kila siku kwa kitufe inajihesabu imewaka wiki mbili.

Mtego wa muda

Hii naiweka peke yake maana imeshawapiga wengi wanaotumia mifumo yote miwili. Windows inahesabu sekunde. Linux na Mac zinahesabu dakika. Mtu wa Windows amezoea 3600 ni saa moja, akienda Linux anaandika:

sudo shutdown -h +3600

Hizo ni dakika 3600, saa 60, siku mbili na nusu. Atarudi asubuhi akute mashine inamwangalia. Akikosea kwa upande wa pili ni mbaya zaidi, wa Linux anaandika /t 10 kwenye Windows akidhani ana dakika kumi za kufunga funga vitu, kumbe ana sekunde kumi, na tumeshasema /f imo ndani yake.

Kwenye Linux unaweza pia kutaja saa yenyewe, mfano:

sudo shutdown -h 23:30

Na hapa usihesabu kwa Kiswahili. Saa tano na nusu usiku ni 23:30, ukiandika 5:30 utakuwa umeiambia izime saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alafu piga date kwanza uone saa ya mashine yenyewe inasema nini, seva nyingi zimewekwa kwenye UTC, saa ya dunia, kwaio saa yake na saa ya ukutani kwako zinaweza kupishana masaa.

Linux

Za msingi ni hizi:

sudo shutdown -h +1
sudo shutdown -r +1

Ya kwanza inazima, ya pili inaributi, zote baada ya dakika moja. Ukiandika sudo shutdown peke yake bila chochote, nayo inapanga kuzima baada ya dakika moja. Waliotengeneza nao waliona dakika moja ya kujirudi ni haki ya mtu. Ukitaka sasa hivi ndo unaweka now. Ujumbe kwa waliomo unaufuatisha mwishoni:

sudo shutdown -r +15 "Naributi kwa ajili ya keneli mpya, malizeni mlichoshika"

Kila aliye kwenye terminali ataona hayo maneno yakimtokea. Ukitaka kutisha tu bila kuzima kitu, weka -k badala ya -r, inatuma onyo peke yake. Inafaa kwa kuwatoa watu waliosahau kutoka, ukiizoesha tu siku ya kweli hakuna atakayeamini.

Kama mashine inatumia systemd, ile programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, na nyingi siku hizi zinatumia, kuna systemctl poweroff, systemctl reboot, systemctl suspend. Kwenye laptop ambayo umekaa mbele yake hizi mara nyingi hazihitaji hata sudo. Na systemctl reboot --firmware-setup ni ndugu wa ile /fw ya Windows. Ila halt iache, hiyo inasimamisha mfumo bila kukata umeme, unabaki na mashine imekufa ila taa inawaka, na watu wanakaa kuisubiri izime.

Ukiwa umeshapanga na umesahau ulipanga saa ngapi, soma faili la /run/systemd/shutdown/scheduled kwa cat, kama lipo ujue kuna saa inatembea. Jua pia kwamba zikibaki dakika tano, mfumo unafunga mlango, watumiaji wa kawaida hawaingii tena, root tu, yaani msimamizi mkuu. Walio ndani wanabaki. Kwaio ukipanga kuzima, ssh yako ikakatika zikiwa zimebaki dakika nne na root hana njia ya kuingia, basi hata -c huwezi kuifikia, unabaki unatazama.

Mac

Fungua Terminal, ni karibu sawa na Linux:

sudo shutdown -h now
sudo shutdown -r +5
sudo shutdown -s now

Ile ya -s ni kulaza. Tofauti ni mbili za kujua. Kwanza -c haipo, ukipanga muda inakuandikia namba ya pid hapo hapo, yaani namba ya hiyo programu inayosubiri kuzima, unaghairi kwa kuiua hiyo namba, au kirahisi zaidi sudo killall shutdown. Pili, hii amri haiulizi programu zako kama zina kitu hakijasevuwa, inakata tu. Ukitaka zile programu ziulizwe kistaarabu kama umebonyeza kwenye menyu, tumia:

osascript -e 'tell application "System Events" to shut down'

Mashine iliyo mbali

Kwa Linux ukiwa kwako:

ssh -t jina@seva sudo shutdown -r +1

Hiyo -t inaipa sudo sehemu ya kukuulizia paswedi, usipoiweka inalalamika haina terminali. Kwa Windows kwenda Windows ni shutdown /r /m \\JINALAMASHINE /t 60, inataka uwe na haki za admini kwenye ile mashine na fayawoli yake (ukuta unaochuja mtandao) iruhusu. Ukikosa hizo haki unapigwa Access is denied (5).

Kabla ya kuributi kitu kilicho mbali, jiulize kitaamka chenyewe kweli. Kama diski imefungwa kwa usimbaji, mashine itawaka, itafika kwenye swali la paswedi ya diski, na itakaa hapo hapo hadi mtu aje kuiandika. Kwenye Mac yenye FileVault kuna sudo fdesetup authrestart, inakuuliza paswedi kabla ya kuributi ili ikiamka ijifungue yenyewe mara hiyo moja. Kitu cha pili ni /etc/fstab, faili linalotaja diski za kuunganishwa mashine ikiwaka. Ukiwa uliongeza diski mle ukakosea mstari mmoja, leo kila kitu kinaenda, ila ukiributi mfumo unaitafuta hiyo diski haiipati unaingia kwenye hali ya dharura bila mtandao. Piga hizi mbili kwanza:

sudo findmnt --verify
sudo mount -a

Zisipolalamika kosa lolote endelea. Kwa diski ambayo si lazima iwepo, weka nofail kwenye mstari wake.

Baada ya kuributi fungua dirisha jingine uache ping, amri inayouliza mashine kama ipo, inatembea kwenda kwa ile seva, kwa Windows ni ping -t. Utaona majibu yanakata, kimya, alafu yanaanza tena. Kimya kikiwa cha dakika kadhaa kwa seva ya chuma usiwe na haraka ya kulia, zile kubwa zinakagua ramu na vifaa kwa muda mrefu kabla hata mfumo haujaanza. Na lile dirisha la ssh lililoganda halihitaji kufungwa kwa msalaba, piga Enter, alafu alama ya wimbi ~, alafu nukta. Linakatika lenyewe na unarudi kwako.

Kuna ujanja mmoja naupenda kuliko yote. Unataka kubadilisha sheria za fayawoli kwenye seva ya mbali na unaogopa kujifungia nje. Kabla hujagusa chochote andika:

sudo shutdown -r +10

Ndo ubadilishe sheria, ila usizihifadhi za kudumu bado. Ukijifungia nje, tulia tu, dakika kumi zikifika seva inaributi na kuamka na sheria za zamani. Ukifanikiwa, fungua ssh mpya kuhakikisha unaingia, fanya hivyo mapema kabla ule mlango wa dakika tano haujafungwa, alafu sudo shutdown -c, ndo uhifadhi.

Izime kazi ikiisha

Unanakili mafaili mengi usiku, hutaki mashine ikeshe. Watu huandika:

cp -r picha /media/bakapu; sudo shutdown -h now

Inaonekana nzuri, ila asubuhi unakuta mashine inawaka na swali la paswedi limekaa pale tangu saa nane usiku, maana sudo inakumbuka paswedi yako dakika chache tu na kunakili kumechukua masaa. Kwenye laptop yako tumia systemctl poweroff mahali pa hiyo sudo, kwa kawaida haiulizi. Kwa seva, ingia kama root kwanza kwa sudo -i.

Angalia na alama uliyoweka katikati. Nukta mkato (;) inasema zima hata kama kunakili kumeshindwa. Ukiweka && inasema zima pale tu kazi ilipofanikiwa, kwaio ukikuta mashine bado inawaka ujue kuna kosa na ujumbe wake uko kwenye skrini unakusubiri. Kwa bakapu mi natumia &&.

Kama unataka kila siku saa ileile, Windows iko hivi:

schtasks /create /tn ZimaUsiku /tr "shutdown /s /t 60" /sc daily /st 23:00

Na Linux unaingia sudo crontab -e unaongeza:

0 23 * * * /sbin/shutdown -h +1

Ikigoma

Linux ikizima, kila huduma inaambiwa kwa upole ijifunge, isipojifunga inauawa. Muda wa upole kwa kawaida ni sekunde 90, ndo ule mstari unaouona unahesabu, A stop job is running, na nyota zinatembea huku na huku. Subiri. Watu wanachomoa waya sekunde ya 60, na huduma iliyochelewa mara nyingi ni database inayomalizia kuandika, yaani umemkata mtu mkono akiwa anasaini. Ukishindwa kabisa kuvumilia, piga Ctrl+Alt+Del zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde 2, systemd inaelewa kwamba umechoka na inaributi bila kungoja.

Mashine ikiganda kabisa hata terminali haifunguki, shika Alt pamoja na SysRq, mara nyingi ndo ile Print Screen, na bila kuachia bonyeza pole pole R, E, I, S, U, B. R inarudisha kibodi, E inaomba programu zijifunge, I inaziua, S inaandika vilivyobaki kwenye diski, U inafanya diski ziwe za kusoma tu, B inaributi. Acha sekunde chache kati ya herufi na herufi, hasa baada ya S. Kwenye Ubuntu ile namba inayoruhusu herufi hizi kwa kawaida imewekwa 176, hapo zinazokubali ni S, U na B, na hizo tatu zinatosha kuokoa mafaili. Kushikilia batani ya umeme kuna nafasi yake, baada ya hizi.

Ikishaamka, hakikisha

Linux andika uptime -s inakupa saa iliyowaka, last reboot inakupa historia, na journalctl -b -1 -e inakuonyesha maneno ya mwisho kabla haijazima, kama mfumo unahifadhi kumbukumbu za awali. Kwenye Ubuntu na Debian ukikuta faili la /var/run/reboot-required ujue kuna apdeti bado inadai kuributi. Windows fungua Event Viewer, sehemu ya System, tafuta namba 1074, inataja nani au programu gani iliagiza kuzima. Ukikuta 6008 hiyo ni mashine iliyozimika bila kuagizwa, umeme ulikatika au kuna mtu kachomoa, na sasa una saa kamili ya kumuulizia.